Bunduki ya mtumba aina ya bulpapu, FN FS2000, kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Nichukue au nipotezee?

MkonoKushoto (mleta uzi)
Wakuu habari za majukumu. Niko Texas, pande za Fort Worth, mwaka wa tisa sasa, grinikadi ninayo na kazi yangu ni ya ghalani usiku. Nina jambo linaninyima usingizi wa mchana.

Mimi ni mtu wa mashoto. Marehemu bibi kule Muheza alinifunga mkono kwa kipande cha kanga ili nijifunze kulia, akafanikiwa kwenye kula tu, mengine yote hadi leo ni kushoto. Sasa huku nimeanza kwenda uwanja wa shabaha na jamaa wa kazini, miaka miwili sasa, nikapenda kweli. Tatizo bunduki nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia, ganda la risasi linarukia kulia, na mimi uso wangu ndo uko huo upande wa kulia. Moja liliwahi kuniingia kwenye kola ya shati likiwa la moto nikacheza ngoma ambayo hata Wadigo hawaijui.

Wiki iliyopita jamaa kaniunganisha na mzee mmoja yuko Louisiana, Shreveport, anauza FN FS2000, ile ya kampuni ya FN ya Mbelgiji yenye umbo la samaki, ambayo maganda yanatokea MBELE. Anataka dola 2,600, ina boksi lake, kitabu chake, magazini nne, na anadai haijapigwa hata risasi elfu moja. Haitengenezwi tena. Nimeangalia picha zake mpaka simu imeisha chaji mara mbili.

Hela ipo. Ilikuwa na kazi nyingine lakini hiyo kazi inaweza kusubiri kidogo. Naombeni ushauri, waliowahi kumiliki au kuigusa, na kama ni matusi pia leteni ila yawe ya kujenga.

NgojaWaje
Nimeweka kigoda na karanga. Ngoja waje wataalam.

NyokaWaEldy
Buda, 2,600 kwa kitu kimeachwa kutengenezwa? Hiyo pesa unapata AR poa, ile rifle ya kawaida ya huku, skopu, risasi za mwaka mzima na bado unabaki na ya nyama choma. AR ikiharibika huku Minnesota naingia duka lolote napata springi, bolti, triga, hata fundi hahitajiki, ni YouTube tu. Hiyo samaki yako ikivunjika kapini kadogo utaenda kutafuta wapi? Utakuwa na kitu cha kuning'iniza ukutani kama pembe za swara.

Na hao FN nawajua kitambo, ndio walileta mitambo ya kile kiwanda cha risasi kwetu Eldoret. Kazi yao ni safi sijakataa. Lakini kazi safi bila spea ni hadithi.

KamandaMstaafu
Kijana, umenikuta. Mimi ninayo. Niko Houston, nilinunua mpya enzi hizo ziko dukani, nikaipenda, nikaichukia, nikaipenda tena, sasa tunaishi kama wazee wa ndoa ya miaka arobaini, hatugombani kwa sababu kila mtu anajua mwenzie hatabadilika.

Nikueleze vizuri maana humu kuna watu watakuja kukwambia "chukua mkuu" bila kujua hata mdomo uko upande gani. F2000 ilionyeshwa mara ya kwanza 2001 kwenye maonyesho ya silaha kule Abu Dhabi. Hiyo ni ya jeshi. FS2000 ni ya raia, kila ukivuta triga inatoka moja, haipigi mfululizo. Nchi iliyoichukua ikawa ndo bunduki ya askari wake wa kawaida ni Slovenia, wengine wengi walinunua kwa ajili ya vikosi maalum. Risasi yake ni ile ile 5.56 ya NATO kwa hiyo risasi hutakosa.

Bulpapu maana yake chemba na magazini vimehamishiwa nyuma ya triga, ndani ya kitako. Sisi tuliopita JKT tukashika SAR na SMG tulizoea kitako ni ubao tu wa kuegemea bega, kwenye bulpapu kitako ndo chumba cha injini. Faida yake ni kwamba hii bunduki ina mtutu wa inchi 17.4 lakini urefu wote ni kama inchi 29 tu. AR yenye mtutu mfupi zaidi, inchi 16, hata uusukume ule mkia wake hadi mwisho bado itaizidi hii kwa urefu. Na sheria hapa inataka rifle iwe na mtutu usiopungua inchi 16 na urefu wote usiopungua 26, ukishuka hapo ni habari nyingine ya kusajili serikalini, kwa hiyo anayetaka kitu kifupi bila usumbufu bulpapu inamfaa.

Hasara yake ndo hiyo yako, shavu linakaa pale pale ganda linapotokea. Mtu wa kulia linaruka mbali naye. Mtu wa mashoto linamtoa meno.

Sasa Wabelgiji walifanya hivi. Bolti ikirudi nyuma inalichomoa ganda, kuna kijidude ndani kinalipokea na kulipandisha kwenye bomba linalopita juu ya mtutu, ganda jipya linasukuma la zamani, yanasafiri mbele mpaka kwenye kidirisha kiko kulia karibu na mdomo. Ukipiga ya kwanza hakitoki kitu, utadhani imekula. Ukifika ya nne ya tano ndo yanaanza kudondoka moja moja taratibu, kama mtu anatema kokwa za ubuyu. Ukimaliza inamisha mdomo chini uitingishe yatoke yaliyobaki. Mimi siku ya kwanza sikutingisha, nikafika nyumbani nikaiweka mezani maganda matatu yakamwagika kwenye sufuria ya mtu.

Kwa mashoto hakuna bunduki ya haki kama hii. Hapo sitakudanganya. Kufuli yake ya usalama ni kisahani cha kuzungusha chini ya triga, mkono wowote unafikia. Kitasa cha kukokia kiko kushoto, hapo tu ndo utajifunza kidogo.

Ubaya sasa. Triga iko mbele na nyundo iko nyuma kabisa kwenye kitako, katikati ni fimbo ya kuunganisha, kwa hiyo ukivuta unahisi kama unakanyaga klachi ya lori lililochoka. Bulpapu nyingi ziko hivyo ila hii imezidi. Magazini zinaingia kwenye mlango wenye gasketi ya kuzuia vumbi, mlango umebana, zile za plastiki zilizonenepa nyingi zinagoma, tafuta za alumini za jeshi. Na magazini haidondoki yenyewe, uichomoe kwa mkono kama unang'oa muhogo. Risasi zikiisha bolti haibaki nyuma kukujulisha, unavuta triga unasikia tii basi.

Vipuri kasema kweli huyo wa Eldoret. Hapo ndo kaburi.

MpembaLeicester
Huku Uingereza nyie endeleeni tu kuota, raia kumiliki rifle ya nusu otomatiki ya risasi kubwa ilishapigwa marufuku tangu 1988 baada ya yale mauaji ya Hungerford. Lakini nina la kuongeza. Jeshi la huku linatumia bulpapu, ile SA80, na kijana wa jirani yangu aliyejiunga ni mashoto kama wewe. Wakamwambia wazi, hapa kila mtu anapiga kwa bega la kulia. Bunduki yao haiwezi kupigwa kushoto, ganda na kitasa vyote vinakuja usoni. Kajifunza upya kama mtoto. Kwa hiyo ami, dola 2,600 ni ghali, lakini kujifunza kulia ni bure.

MkonoKushoto
@MpembaLeicester bibi alijaribu bure miaka sita.

@KamandaMstaafu shikamoo mzee wangu. Hayo ya triga nimeyasoma sehemu nyingi. Swali, ukienda kuikagua bunduki ya mtumba ya aina hii unaangalia nini hasa? Na risasi elfu moja anazosema nitajuaje kama ni kweli?

KamandaMstaafu
Marahaba. Hutajua. Bunduki haina mita ya kilomita kama gari, na hata gari zenyewe tunajua mita zinavyorudishwa.

Utaangalia hivi. Juu ya kitako kuna mfuniko, ufungue uchungulie chemba, kwanza kuhakikisha hamna risasi, pili kuona uchafu umekaaje. Mtu anayepiga sana na hasafishi utamjua hapo, kuna mkaa mgumu kwenye kona. Mulika mtutu na tochi ndogo, uone mistari ya ndani bado ina kingo na hamna vishimo vya kutu. Zungusha kirekebisha gesi, kina sehemu mbili, ya kawaida na ya mazingira magumu, kama kimeganda basi huyo mzee hajawahi kuifungua maisha yake. Angalia plastiki kwenye maungio kama ina ufa. Angalia namba ya usajili haijachezewa. Halafu la muhimu kuliko yote, ipige. Nenda na risasi zako, magazini mbili nzima, uone yanatoka yote. Anayekataa bunduki yake ipigwe kabla ya kuuza, muage kwa heshima.

Na kabla hujatoa hata senti, piga simu FN Marekani, ofisi yao iko McLean, Virginia, uwaulize kwa bunduki hii wana vipuri gani bado na gani vimeisha. Simu ni bure.

BabaFuraha_Louisville
Bandugu jambo. Miye niko Kentucky, nilitoka Lubumbashi. FN tunaijua zamani, FAL ililetwa na Babelge, bazee betu balikuwa banaibeba, ile ilikuwa chuma kabisa, unaweza kuangusha kwa mutoni na bado inapiga. Lakini ile ilikuwa na vipande kila pahali. Hii ya ndugu yetu iko plastiki na iko yenyewe tu, haina bandugu. Kitu haina bandugu ni hatari. Siku inagonjwa nani atailazia?

NgojaWaje
"Kitu haina bandugu" 😂😂 nimeandika kwenye daftari.

F1_Mwanafunzi
Naomba kuuliza hapo hapo wakuu. Mimi niko na viza ya mwanafunzi, na mimi napenda hizi mambo. Kuna binamu yangu raia kabisa, je naweza kumpa hela aninunulie halafu iwe yangu kimya kimya?

KamandaMstaafu
Futa hiyo posti kabla sijamaliza kuandika.

Usifanye. Kununua bunduki kwa jina lako kwa niaba ya mwingine ni kosa la shirikisho, tangu 2022 wameweka sheria yake maalum, kifungo hadi miaka 15. Dukani mnajaza fomu namba 4473, swali la kwanza kwanza humo ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Binamu yako akitia tiki ya uongo kajifunga yeye, na wewe unaondoka na ndege ya bure kurudi nyumbani bila kuaga. Mtu wa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, kuna misamaha michache kama mwenye leseni ya uwindaji, lakini hiyo ukaongee na mwanasheria wa uhamiaji, siyo na sisi wala na binamu. Soma umalize shule.

Na mleta uzi na wewe hujapona. Grinikadi inakuruhusu kununua kihalali, namba yako ya uhamiaji utaandika kwenye fomu. Lakini wewe siyo raia. Kosa la silaha ambalo Mmarekani analipa faini na kucheka, kwako ni tiketi. Na bangi, hata ukiwa jimbo walilohalalisha, fomu inauliza. Najua humu hakuna anayevuta, nasema tu.

NyokaWaEldy
Hapo mzae amegonga. Na usisahau seller ako Louisiana na wewe uko Texas. Hamuwezi kukutana kwa parking mkapeana cash na bunduki. Watu wa majimbo mawili tofauti lazima ipitie duka lenye leseni, FFL. Ndani ya Texas kwa Texas ingekuwa stori ingine.

SheikhMaskati
Assalaam aleykum jamaa. Huku Oman jeshi linatumia bulpapu siku nyingi, ile ya Austria, Steyr AUG, kijani, magazini yake unaona risasi ndani. Shemeji yangu alikuwa nayo kazini miaka, akiisifu kweli kwa jangwani. Hiyo AUG haijaachwa, inatengenezwa hadi leo, na kwa mtu wa mashoto inauzwa bolti ya kushoto, unabadilisha upande ganda linapotokea. Kwa nini ukanunue iliyokwisha ilhali ndugu yake yupo hai?

MkonoKushoto
@SheikhMaskati waaleykum salaam. AUG nimeifikiria. Shida ukishaweka bolti ya kushoto basi bunduki hiyo ni yako peke yako, mtu wa kulia akiishika ndo anatolewa meno yeye. FS2000 wote mnapiga.

Na kuna ile ya Croatia inauzwa huku kwa jina la Hellion tangu 2022, nayo unaweza kuchagua upande wa ganda, mpya inacheza kwenye elfu mbili. Kuna Kel-Tec RDB ya Florida, ganda linadondoka chini kabisa. Kuna Tavor X95. Zote mpya, zote zina waranti, najua. Najua wakuu. Akili inajua.

DadaColumbus
Kaka habari. Mimi ni nesi, niko Ohio, bunduki sizichukii, baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Nina maswali yangu ya kike. Una watoto? Una sefu? Na hiyo "hela ilikuwa na kazi nyingine", ni kazi gani? Maana umeipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

NgojaWaje
Hapo sasa. Karanga zimeisha nimeanza korosho.

MkonoKushoto
Dada yangu umenishika.

Ninaye mmoja, ana miaka minne. Sefu sina bado, nina lile boksi dogo la bastola tu.

Hela ilikuwa ya bati. Tuna nyumba Kibaha iko kwenye lenta tangu mwaka juzi, mama Nasra ndo anasimamia na fundi kwa WhatsApp, tukakubaliana mwaka huu lazima tuezeke kabla ya masika.

NyokaWaEldy
😂😂😂😂😂 Wueh. Kumbe tunajadili bati hapa.

BabaFuraha_Louisville
Nyumba haina kichwa na baba anatafuta samaki.

DadaColumbus
Dola 2,600 ni zaidi ya milioni 6 za nyumbani kaka. Ukiongeza sefu ya maana, ukiongeza risasi kila ukienda huko uwanjani, hapo hata mbao na fundi vimo. Halafu wewe Texas, mtoto chini ya miaka 17 akiifikia bunduki iliyojaa kwa sababu hukuifungia ni kosa la jinai lako wewe, na Kamanda ameshakwambia kosa kwako lina maana gani. Mimi sisemi usinunue. Nasema utaratibu wa hela uanzie kwenye sefu, na sefu ianzie kwenye mazungumzo na mwenzio. Na ujue wake zenu tunasoma humu.

MkonoKushoto
Mama Nasra hana habari na mambo ya majukwaa, yeye ni TikTok na mapishi.

KamandaMstaafu
Wanaume wengi wamekufa wakisema hivyo hivyo.

Kijana, fanya hivi. Jumamosi ijayo mimi nipo. Ni mwendo wa saa nne hivi kutoka kwako. Njoo Houston uipige ya kwangu kabla hujanunua ya mtu. Nina rafiki ana Hellion, nitamwambia aje nayo. Gharama ya mafuta na boksi mbili za risasi haifiki hata dola mia na hamsini, ukikosa penzi umeokoa elfu mbili na ushee.

MkonoKushoto
Nakuja mzee. Mungu akubariki.

(siku nane baadaye)

MkonoKushoto
Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, kazini walitubana.

Nilienda Houston. Nyumbani niliaga naenda msibani, Mungu anisamehe, na kweli mzee alipika pilau la watu wengi kwa hiyo siyo uongo wote. Mzee Kamanda ni mtu wa watu, picha za JKT zimejaa ukutani.

Nianze na Hellion ili nimalizane nayo. Nzuri. Haina kosa. Triga yake inavumilika, magazini zinaingia zozote nilizokuwa nazo na kudondoka zenyewe, rafiki wa mzee ni wa kulia kwa hiyo ilikuwa imepangwa kulia, akaigeuza upande hapo hapo mezani wala hakuchukua muda, nikapiga bega la kushoto hamna kilichonigusa. Kama mtu ananiuliza kwa akili ya kawaida ninunue nini, jibu ni lile.

Halafu akanipa ya kwake.

Kwanza ukiishika hujui ushike wapi, haina kona, yote ni mviringo, vidole gumba vina mashimo yake. Imekaa begani kama mtoto aliyelala. Nikavuta triga, nikavuta, nikavuta, nikafikiri nimesahau kufuli, halafu ikapiga. Klachi ya lori ni sifa mzee alikuwa anaipa. Risasi tatu za kwanza karatasi niliikosa vibaya maana mkono ulikuwa unatetemeka kwa kusubiri.

Sasa ile ya tano. Nikaona kwa pembe ya jicho kitu cha manjano kinadondoka mbele kule, polepole, tii, halafu kingine. Sijawahi. Miaka miwili nafumba jicho la kulia kila nikipiga, siyo kwa shabaha, kwa woga wa ganda. Kufika magazini ya pili nikagundua sifumbi tena. Nikapiga thelathini macho mawili wazi. Nilipoishusha mzee akaniangalia akasema "basi, umeshakufa wewe."

Kuhusu kubadilisha magazini kijasho kilinitoka, mkono unaenda kutafuta kwapani, ukiitia haingii hadi uigonge, ukiitoa haitoki. Na inanguruma karibu na sikio kwa sababu mdomo uko karibu na wewe, vaeni vizuizi viwili, vya ndani na vya juu.

NyokaWaEldy
Kwa hivyo Hellion ni bora, ni mpya, ina waranti, ni bei ya chini, hata upande unageuzwa kwa meza. Na wewe unanunua samaki.

MkonoKushoto
Sijasema nanunua.

MpembaLeicester
Ushanunua.

MkonoKushoto
Nimempigia yule mzee wa Shreveport nikamwambia triga nzito, vipuri hamna, magazini zinachagua, nina dola 2,000. Akacheka akasema hayo yote anayajua ndo maana anauza 2,600 na siyo 3,500. Nikamwambia basi tuachane salama. Nikakata simu nikajisifu kweli, nikala nikalala.

DadaColumbus
Hongera kaka. Umefanya la maana. Sasa peleka hela kwa fundi kabla hujaamka.

(siku kumi na mbili baadaye)

NgojaWaje
Mleta uzi yuko wapi? Bati zimepanda?

F1_Mwanafunzi
Hata mimi nasubiri. Na @KamandaMstaafu asante, nilifuta wazo, posti mods wamekataa kuifuta.

MkonoKushoto
Wakuu.

Mzee alipiga mwenyewe. Kashuka hadi 2,300. Anahamia kwa binti yake jimbo la Washington na kule tangu 2023 huruhusiwi kuingia na bunduki za namna hii. Akasema tukutane kituo cha mafuta hapo mpakani Waskom, hela mkononi, ananipa na begi lake, "we're both good people". Nikakumbuka Kamanda na yule wa Eldoret. Nikamwambia mzee, mimi nina grinikadi, siwezi kuwa mtu mwema kituo cha mafuta. Akakubali kuipeleka duka lenye leseni kwao, wao wakaituma kwa duka la karibu na mimi hapa. Nilimwomba pia niipige kwanza, tukapiga pale uwanjani kwao Jumapili moja, magazini mbili, maganda sitini yote yametoka, niliyahesabu kwa mkono, nimechungulia mfuniko, nimemulika mtutu, kirekebisha gesi kinazunguka. Ufa hamna.

Dukani nikajaza 4473, namba ya uhamiaji, leseni ya udereva. Majibu hayakuja siku ile, wakasema imechelewa, nisubiri. Siku mbili sikula vizuri nikijua sasa nimeitia familia matatani kwa ajili ya ganda la risasi. Siku ya tatu wakapiga simu, imepita. Ada ya duka dola 40.

Sefu nilinunua kwanza @DadaColumbus, hiyo nakuapia, imefungwa kwa boliti ukutani kwenye stoo, funguo ninayo mimi. Simu ya FN sijapiga @KamandaMstaafu. Naogopa wataniambia ukweli.

KamandaMstaafu
Karibu kwenye chama cha watu wawili. Nina springi moja ya akiba, nitakupa nikifa. Magazini za alumini usiziache, ukizikuta popote chukua.

SheikhMaskati
Mabruk. Isafishe lile bomba la juu, lisije likajaa vumbi ukasema Mbelgiji kakuonea.

BabaFuraha_Louisville
Samaki imepata ndugu.

NyokaWaEldy
Picha wapi boss? Na hiyo 2,300, si bado kuna 300 imebaki? Hiyo ni bati ngapi?

MkonoKushoto
300 imeenda kwenye sefu na risasi. Fundi nimemwambia kontena limechelewa bandarini, tutaezeka baada ya masika. Wakuu naomba mods wabadilishe jina la uzi, hata waite "ufugaji wa sato", maana jana nimeona shemeji yangu mmoja kautuma kwenye grupu la familia akidhani ni kichekesho.

NgojaWaje
Mods msibadilishe chochote.

MamaNasra2 (amejiunga leo, posti 1)
Nimesoma wote, kuanzia bibi wa Muheza mpaka kontena. Nimempigia na huyo fundi, anasema bati hajaagiza hata moja na kontena halijui. Na msiba wa Houston, aliyekufa ni nani?

KamandaMstaafu
Shemeji, heshima yako. Ni mimi, lakini nimefufuka.